Steki Niliyompashia Mama Mkwe

Mimi ndiye niliyemlisha mama mkwe wangu kitu kilichomuua. Halafu nikanyamaza, lawama akabebeshwa wifi yangu. Ukimaliza kusoma ukataka kunitukana, tukana. Mwenyewe nimeshajitukana kwa maneno ambayo hapa hayaandikiki.

Jina langu liache, na majina mengine nimeyabadilisha. Jua tu kwamba naishi Songea, Mfaranyaki, mume wangu ni fundi seremala, na tuna binti mmoja, Noela. Mama mkwe alikuwa mjane, mkulima, akikaa kijijini upande wa Hanga na binti yake Skola, ambaye hakuolewa. Skola ndiye aliyemlea mama yake. Alimfulia, alimpikia, alimshika mkono kwenda kanisani. Mimi nilikuwa mkamwana wa mjini, wa kuonekana sikukuu.

Mama alikuwa na meno machache sana, na mdomo wake haukujua kuficha kitu. Krismasi moja nilimpashia nyama ya jana yake ikakauka kabisa. Akaitafuna, akaitoa mdomoni, akaiangalia mbele ya wageni.

"Mkamwana, hii nyama au soli ya kiatu?"

Watu walicheka, jamani! Mume wangu naye alicheka. Mimi nikacheka nao, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Nikaapa haitatokea tena. Nikaanza kuangalia video kwenye simu, jinsi ya kupasha steki ibaki laini. Wote walisema neno moja: moto mdogo, funika, tia mchuzi kidogo, usiiache ichemke. Sikujali kwamba nyama yao ilikuwa inatoka kwenye friji. Nilichoshika ni moto mdogo tu.

Basi ikafika komunyo ya kwanza ya Noela. Mama akaja na Skola kutoka kijijini. Mume wangu akaenda buchani Majengo akachukua steki nzuri, isiyo na mfupa hata mmoja. Nikaamka mapema, nikaikata vipande bapa, nikaikaanga na vitunguu na karoti. Tulivyorudi kanisani nyumba ilijaa wageni mpaka uani.

Mama hakula. Safari na misa ndefu vilikuwa vimemchosha, alichota wali kidogo akasukuma sahani.

"Niwekee nyama yangu, mkamwana. Nitakula kesho nikipata nafasi ya kutafuna taratibu."

Nikamwekea kwenye hotipoti, vipande vizuri kuliko vyote. Friji lilikuwa limejaa soda za wageni. Ningeweza kutoa chupa mbili tatu. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitaiingiza baadaye. Hotipoti ikabaki juu ya kabati, imefungwa, na nyama ndani yake vuguvugu. Wageni walipoondoka soda zilikuwa zimekwisha na friji liko tupu, mimi nikalala.

Kesho yake alfajiri Skola alirudi kijijini, maharage yalikuwa yanamsubiri shambani. Mama alibaki apumzike siku chache. Skola alimwachia kidumu kidogo cha togwa aliyoipika mwenyewe, maana mama soda hakuipenda. Togwa ile hakuna mwingine aliyeigusa.

Mchana tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Nikafungua hotipoti.

Nisikilize hapa vizuri, maana hapa ndipo ningeweza kusimama.

Kuna harufu ilitoka. Haikuwa kali. Ilikuwa kaharufu ka uchachu, kama kitambaa cha jikoni kilicholala na maji. Nikajua. Pua ya mwanamke anayepika kila siku inajua! Lakini nikamfikiria mama akisema "nyama yangu iko wapi?", na mimi nikimjibu nimeiacha ikaharibika, na hadithi hiyo ikisimuliwa Krismasi ijayo.

Nikakamulia ndimu. Nikatwanga tangawizi nikaitia. Makaa nikayafunika majivu, nikaweka sufuria juu, nikafunika, nikaipasha pole pole kama nilivyofundishwa na simu. Haikuchemka hata kidogo. Ilipata joto la kuoga mtoto mchanga, nikaipakua.

Mama akatafuna. Akatafuna tena. Akanitazama, uso wote umefunguka.

"Leo umeiweza! Laini kama ini. Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza tu mama."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Alimaliza sahani yote, akafuta mchuzi kwa kipande cha ugali, na mimi nimekaa mbele yake nimefurahi! Nimefurahi, wenzangu. Harufu nilikuwa nimeshaisahau.

Jioni tumbo likamshika. Akaanza kutapika, na kuhara kusikokoma. Mume wangu aliporudi kazini alimkuta mama yake amejikunja kitandani, akasema twende hospitali sasa hivi.

Mimi ndiye niliyemzuia.

"Ni uchovu wa shughuli," nikamwambia. "Na togwa imemkataa. Nimempa maji ya chumvi na sukari, tuone mpaka asubuhi."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu hospitali wangeuliza alikula nini. Hilo tu. Mama wa watu anakauka maji mwilini, mimi nawaza swali!

Asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Tukampakia kwenye bajaji, nimemwegemeza kifuani kwangu, mwepesi kama mtoto.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Akauliza lile swali.

"Jana bibi alikula nini?"

Mume wangu akanigeukia. Nikasema, "Kuna togwa aliletewa na binti yake kutoka kijijini."

"Zaidi ya togwa? Nyama, samaki, kiporo cha shughuli?"

Mama pale kitandani akafumbua macho. Sauti ilikuwa imekauka, lakini tulimsikia.

"Mkamwana alinipa..."

"Nilikupa uji, mama," nikamkatiza. "Ulikunywa uji kidogo."

Alinitazama. Hakunibishia. Sijui kama alikosa nguvu au alinisitiri. Akafumba macho, na neno lingine hakulisema.

Walimtundikia maji, wakahangaika naye. Daktari akamwita mume wangu pembeni, nami nikasikia. Alisema wamechelewa kumleta, figo zimechoka, mtu wa umri ule hastahimili kukaa vile mpaka kuche. Kesho yake mama akafariki.

Ole wangu mimi!

Tukampeleka kijijini kuzika. Skola alikuwa ameshapata habari kabla hatujafika, habari ya msiba na habari ya togwa pamoja. Alikuja akikimbia kulipokea jeneza. Kaka yake akamsukuma mbele za watu.

"Usimguse! Umemuua na togwa yako!"

Na makaburini, Skola alipoinama achukue udongo autupie kama wengine, mume wangu akamshika mkono akamtoa. Mwanamke aliyemuogesha mama yake siku zote alizikiwa mama yake akiwa amesimama mbali, kwenye mahindi ya watu.

Baada ya matanga kikaitishwa kikao cha ukoo. Baba mdogo ndiye aliyeongoza.

"Skola, ulimpa mama yako nini?"

"Togwa ya kawaida, baba mdogo. Nimeipika mimi, nimeinywa mimi kutoka chungu kile kile. Mbona mimi mzima?"

"Wewe kijana, tumbo lako la chuma," mtu mmoja akasema.

Baba mdogo akanigeukia. "Mkamwana, wewe ndiye uliyekuwa naye. Hebu tusaidie. Yeye mwenyewe alisemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Hata hilo neno "sijui" lingekuwa dhambi ndogo! Badala yake nikafungua mdomo nikasema, "Aliniambia togwa ina ukakasi, lakini ameinywa asimvunje moyo mwanawe."

Nilimsingizia marehemu maneno ambayo hakuyasema. Skola akaniangalia, mdomo wazi, kisha akaanza kulia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia kila maji yakichemka. Maana aliamini! Aliamini kweli mama yake alikunywa uchungu kwa ajili ya kumpenda.

Kuanzia hapo kijiji kikamgeuka. Watu wakialikana kulima, togwa ya Skola ilirudishwa nyumbani imejaa. Wengine wakaacha hata kupokea maji ya kunywa mkononi mwake. Kukaanza minong'ono ya uchawi. Nyumba aliyokaa na mama yake akapewa mtoto wa baba mdogo, eti ailinde. Siku moja akafunga kanga zake akaondoka. Tukasikia yuko Mbinga, anafanya vibarua vya kahawa.

Mimi huku mjini nikaacha kukomunika. Wengine wakisimama kwenda altareni mimi nimekaa, napekua kitabu cha nyimbo. Noela, ambaye ndiyo kwanza ameanza, akawa ananiuliza, "Mama, twende! Mbona wewe huendi?" Namwambia mguu unaniuma. Mtoto akaanza kuniombea mguu kila jioni, kwa sauti, tukisali rozari.

Hilo ndilo lililonivunja. Nikaenda kuungama. Padri alinisikiliza, akasema, "Mungu anaweza kukusamehe leo. Lakini wifi yako bado hana jina. Nenda ukamrudishie."

Nikaenda Mbinga. Nilimkuta Skola kwenye vichanja vya kahawa, anageuza mbegu kwa mikono. Alikuwa amekonda. Alipoona ni mimi alifuta mikono, akanikaribisha kigogo cha kukalia, kama mgeni.

"Karibu, wifi. Kwema nyumbani? Noela hajambo?"

Nikamwambia yote. Hotipoti, harufu, ndimu, uji, na yale maneno ya kikaoni. Nilipiga magoti nikilia. Yeye hakulia.

"Kwa hiyo mama hakusema togwa yangu mbaya?"

"Hakusema. Aliisifia."

Akageuza kahawa yake kidogo. "Kaka umemwambia?"

"Bado. Nimeona nianze na wewe."

"Basi hujanirudishia kitu, wifi. Umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu ili uondoke mwepesi. Wanaoniita mchawi hawako Mbinga."

Akanipa maji ya kunywa, nikayanywa mbele yake mpaka tone la mwisho. Nilitaka aone. Hakuonekana kujali.

Nilirudi, nikamwambia mume wangu siku hiyo hiyo, kabla sijavua hata viatu. Nilitegemea anipige. Hakunipiga. Alikaa kwenye kochi, akaishika mikono yake akaitazama kama si yake.

"Nilimtoa dada yangu kaburini kwa mikono hii," akasema. "Kwa mikono hii."

Tukaenda kijijini. Mbele ya ukoo nikasema yote, nimesimama. Baba mdogo aliniambia neno moja tu: "Mama yenu angepona, binti. Ungesema, huenda angepona." Wanawake niliozoea kuwasaidia jikoni kwenye misiba waliniondokea mmoja mmoja, nikabaki uani peke yangu na kuku.

Skola alipelekewa habari kwamba nyumba ni yake, arudi. Hajarudi. Kaka yake akimpigia simu anapokea, anaitikia salamu, anasema yuko kazini.

Na mimi? Sijaachwa. Tunaishi kama wapangaji wawili. Mume wangu ananipa ya matumizi, ananijulia hali, anamsaidia Noela masomo. Lakini tangu siku ile hajala chakula kilichopikwa na mkono wangu. Anakula kwa mama ntilie karibu na karakana yake, akirudi anakunywa maji aliyoyachota mwenyewe. Napika, napakua sahani yake, nafunika. Asubuhi namwagia kuku.

Sasa nisikilizeni, mama zangu na dada zangu, na nyie vijana mnaojipikia.

Nyama ya jana haikaushwi na moto mkubwa, inakaushwa na kukosa mchuzi. Nesi mmoja alinielekeza, wakati kwangu hakukuwa na wa kumsaidia tena. Ikipoa tu iweke kwenye friji, usiifungie kwenye hotipoti ikashinda na uvuguvugu, humo ndimo vijidudu vinamozaliana. Ukitaka kuipasha, ikate vipande vidogo, tia supu au maji na kitunguu, funika, iache ichemke itokote mpaka katikati ya kipande kuwe moto wa kuunguza. Itakuwa laini, mchuzi ndio unaoilainisha. Na kama imelala nje, usiikamulie ndimu. Usiionje. Usijidanganye kwamba moto utaiponya. Itupe! Mkwe akikasirika, akasirike akiwa mzima.

Hiyo ni ya jikoni. Ila kwangu la jikoni lilikuwa kosa, na kosa mtu anaweza kulilia akasamehewa. Kilichoniangamiza ni pale kitandani, mgonjwa akitaka kusema na mimi nikamfunga mdomo kwa uji ambao haukuwepo.

Daktari akiuliza mgonjwa amekula nini, sema. Hata kama umempa wewe. Hata kama wakwe wote wamesimama hapo wanakutazama. Sema hapo hapo, wakati bado anapumua.