Moto wa Ndizi za Maman Adrien

Védastine, jirani yangu hapa Mururu, hajawahi kuunguza hata jani la mtu. Nalisema mapema kwa sababu hasira bado imenikaba.

Mwanawe Adrien alikuwa anakwenda kuposa, na kwetu wakwe hawakusikilizi ukija bila pombe ya ndizi iliyopikwa na mama wa kijana. Basi Védastine akachimba shimo nyuma ya nyumba, akatandika majani ya mgomba, akapanga mikungu, akafukia kwa udongo. Pembeni akawasha moto ndani ya tundu dogo, ili joto lipite chini kuivisha ndizi za kukamua pombe. Hakuna mama wa kilima hiki asiyeijua kazi hiyo.

Muhigirwa, mkuu wa kijiji, akaona moshi. Kiangazi hiki moto wowote wa nje umepigwa marufuku, na ni haki, maana mwaka jana mtu alichoma magugu akateketeza mikaratusi ya wenzake. Lakini Muhigirwa huyohuyo ndiye tuliyemchagua awe msemaji wetu kwa wakwe! Akili ni nywele, na zake nadhani alinyoa zote.

"Maman Adrien, moto ya nje ni interdit."

"Papa, iko chini ya udongo! Nilikuyaka kwako kuomba ruhusa, ukanituma kwa ofisi ya secteur, kwa wakubwa wako. Kule banasema nirudi kwako."

"Minajua. Lakini sheria ni sheria, loi ni loi."

Akamwaga maji tunduni. Kwa bidii zake akafukua na shimo, akalimwagia pia. Ndizi zikaoza zote. Védastine alizizoa akilia, nami nikamtukana Muhigirwa moyoni, maana kwa mdomo niliogopa.

Siku ya posa tulibeba kreti za bia ya dukani. Muhigirwa alisimama na suti yake, akaanza maneno matamu. Baba wa binti akamkatiza.

"Pombe ya mama ya kijana iko wapi?"

"Mzee, kuko loi ya moto. Ile moto ilizimwa."

"Nani alizima?"

Sote tukamtazama.

"Ni mimi, Mzee."

"Basi uende uombe bibi kwa ile loi yako."

Tukarudi mikono mitupu, Adrien mbele peke yake. Njiani Muhigirwa akamsogelea Védastine.

"Maman Adrien, chimba shimo ingine. Nitafunga macho."

Védastine akasimama.

"Kumbe macho yako inajuaka kufunga?"