Betri Iliyokwenda Harusini

Boti yetu ni ya faiba, ya mkono wa pili, na hukaa uani kwetu Maili Moja juu ya trela. Mvua zikiujaza Ruvu, naipeleka mtoni kuvusha wakulima na magunia yao. Mto ule una viboko, kwa hiyo injini ikigoma katikati ya maji hakuna anayecheka. Betri kubwa ndiyo inayowasha injini. Ndogo ni ya taa na pampu ya kutoa maji, haina ubavu wa kuzungusha injini. Chaja imefungwa humohumo botini. Nachomeka waya dirishani, taa mbili zinawaka, moja kwa kila betri, mimi naendelea kufua.

Jumatano ile taa ya betri kubwa haikuwaka.

Kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye anaishi nasi, alikuja na fundi. Fundi akachungulia akiwa amesimama chini, mikono mfukoni.

"Chaja imekufa, dada. Hizi hazitengenezwi."

"Umeipima?"

"Hizi ukiziona tu unajua."

Shemeji akadakia kwamba kuna mtu anaitaka boti hivyohivyo ilivyo, na Jumamosi anakuja kuiona. Nilimpigia mume wangu kazini kwake Dar. Akasema hataki ugomvi: injini ikiwaka kabla ya huyo mtu kuja, boti inabaki, isipowaka, iuzwe. Nikamwambia fundi aniachie mita yake ya kupimia umeme mpaka Jumamosi. Akacheka. "Utapima nini, mama?" Fizikia kidato cha nne nilipata D, lakini volti nazijua.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda botini. Kwanza soketi: nikachomeka chaja ya simu, ikachaji. Betri ndogo, volti kumi na mbili nukta saba. Nzima. Betri kubwa, volti nne. Nikapima nyaya za chaja zinazokuja kwenye hiyo kubwa: sifuri. Nikazifuata kwa vidole mpaka kwenye kidude cha fyuzi, nikakifungua. Fyuzi ilikuwa imeungua, nyeusi. Halafu nikaona kilichoiunguza: waya mwekundu wa chaja umefungwa kwenye hasi, mweusi kwenye chanya. Mimi sijawahi kufunga hivyo. Na kwenye mpini wa betri ulining'inia utepe wa dhahabu, ule wa kupambia ukumbi.

Nilishuka nao mkononi hadi barazani.

"Shemeji, hii nini?"

Aliutazama utepe, akautazama mlango wa mama yake, ambaye pia tunaishi naye. "Ilikuwa shughuli kule Chole. Umeme ulikatika na bi harusi yuko mlangoni. Ningekataaje?"

Kwetu shughuli haikataliwi kitu. Ukiombwa sufuria unatoa, ukiombwa turubai unatoa. Hilo nalijua, na ningeombwa pengine ningetoa. Lakini betri aliichukua nikiwa kliniki na mtoto, spika zikainyonya usiku kucha, akairudisha kimya na kuifunga kinyume, kisha akaniletea fundi na mnunuzi.

"Ulijua haijafa chaja," nikasema.

"Nilidhani nimeiunguza. Niliona aibu."

"Kwa hiyo kwa aibu yako tuuze boti?"

Mama mkwe akatoka na jagi la maji ya kisima, eti niiongezee betri. "Leo nisamehe, mama, maji hayo yana chumvi," nikamwambia, na nikalihamisha jiko lake la mkaa lililowaka mbali na boti, maana betri ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto. Alininunia mpaka jioni.

Nilinunua fyuzi na maji safi ya betri. Nikafunga nyaya upya, nikaongeza maji hadi yakafunika sahani za ndani, si zaidi, kwa sababu yanapanda ikichajiwa. Nikachomeka. Taa bado kimya. Hapo nusura nilie kwa hasira. Lakini mita ilionyesha fyuzi ni nzima, nikafikiri: labda volti nne ni chache mno, chaja haioni kama kuna betri. Nikachomoa, nikaunganisha betri ndogo na kubwa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikachomeka tena. Taa ikawaka nyekundu. Baada ya nusu saa nikazitenganisha, na haikuzimika.

Ilichaji siku mbili. Jumamosi asubuhi taa ilikuwa kijani na mita inasoma kumi na mbili nukta sita. Mnunuzi alipofika, mguu wa injini ulikuwa umezama kwenye pipa la maji ya kuipoza. Nikazungusha ufunguo. Ilikohoa mara moja, ya pili ikashika, maji yakaruka mpaka kwenye suruali ya shemeji.

Mnunuzi akatabasamu. "Niliambiwa mbovu. Sasa ndiyo naitaka kabisa."

"Aliyekuambia mbovu si mwenye boti," nikasema. "Mwenye boti hauzi."

Shemeji alitazama chini, akaanza kukunja waya wa umeme. Nikamnyang'anya. Waya ule naukunja mwenyewe.