Baba Alipokwenda Mashindano ya Taifa ya Gofu

Enzi zetu pale Ihumwa, wenzetu walipocheza kombolela sisi tulikuwa tunafagia mchanga. Baba alikuwa mchezaji gofu wa kulipwa, na kila mashindano ya taifa yalipokaribia alifanyia mazoezi uani, kwenye mchanga uliochanganywa na oili chafu na kusawazishwa kwa gunia, na shimo la mpira katikati. Harufu ya oili ilitufuata hadi kwenye mboga yetu ya mlenda. Vijana wa leo wanacheza kwenye nyasi laini na bado wanalalamikia jua.

Kabla ya kutoa mpira shimoni ilikuwa lazima uchokoe kwa kijiti, maana nge walipenda ubaridi wa mle ndani. Baba ndiye aliyetufundisha. Naye huyo huyo, asubuhi ya safari ya Dar, akaingiza mkono hivi hivi. Akili yake ilishatangulia mashindanoni.

Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko. Mama alimsihi aende hospitali, yeye akaufunga kitambaa na kupanda treni. Mimi aliniambia tu, "Mwangalie mama yako." Hakuwahi kuniambia hivyo kabla ya siku ile.

Tukakaa na redio. Siku zile mtangazaji alimtaja mshindi na wawili waliomfuata, kisha akahamia kwenye mpira wa miguu. Baba hakutajwa. Mtu mwingine angedhani ameshindwa. Sisi tulidhani amekufa. Mama hakulia. Alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa, akaufagia tena. Kila treni ilipopiga honi tulitazamana.

Alirudi kwa miguu yake, mkono umening'inizwa shingoni, akiwa ameshika mkia mashindanoni. Mama alimwekea maji ya kuoga, ndipo akalia.

Sasa mtoto wa kaka yangu anacheza mashindano yale yale, na simu inaonyesha kila pigo. Wadogo zake wananicheka ninavyoikodolea macho, eti shangazi, huu si mchezo tu? Zamani tuliisubiri habari moja. Siku hizi kila shimo lina habari yake, na kila moja inanitisha.

Jana baba, ambaye sasa ni mzee sana, alinyoosha mkono kwenye simu.

"Izime, mwanangu. Tumngoje aje mwenyewe."