Sare zilizofumuka Suguti

Nimeficha jambo tangu nikiwa mwalimu kijana, na leo limenikaba.

Asubuhi Nyangeta, fundi cherehani wa mtaa wa Kitaji, alikuja kunijulia hali. Siku hizi hata kuketi naketishwa.

Wanakwaya wenzangu, mnakumbuka tulipokwenda kuimba Suguti? Tuliinua mikono kuimba, sare zikafumuka kwapani. Tulikuwa tumezishona wawili, Nyangeta na mimi, nusu kwa nusu. Nikamgombeza mbele yenu wote: “Kingo hukuzikunja!” Kanisa halikumpa tena kazi.

Leo kaniwekea shati jipya mapajani.

“Gusa humo ndani, Mwalimu. Mashine ya ovaloki ya kufunga kingo sina, lakini nakunjaga ukingo mara mbili, napitisha cherehani mara mbili. Uzi hautoki! Nilijifunza ile siku uliponigombeza. Asante baba.”

Asante!

Nikageukia ukutani. Akadhani ni maumivu, akanifunika blanketi.

Nyangeta, nimemwomba mwanao akusomee hii. Nanyi wengine mnisute hapo chini kwenye maoni, nastahili.

Sare zilizofumuka zilikuwa za fungu langu. Nilitambua mafundo yangu ya uzi palepale, kabla sijafungua mdomo.