Modemu iliyopanda Vudee

Jamani, leo nimeuza kitu na moyo umekataa kutulia.

Nesi wa zahanati ya Vudee kashuka dukani kwangu hapa Same, anataka modemu. Kule simu hazishiki. Gari la wagonjwa wanaliita kwa kompyuta, nayo inatumia Linux.

"Shikamoo mama. Chukua hii iliyotumika, programu ya kuiendesha iko wazi kwa kila mtu, Linux inaijua."

"Marahaba. Mitumba tumechoka! Nipe ile ya kwenye boksi."

Ya kwenye boksi ni ya Windows tu, kwenye Linux haiwaki. Nikamwambia. Akacheka, akaondoka nayo.

Alisema akiifunga tu ataniandikia.

Dereva aliyempandisha kasharudi stendi. Mlimani wingu jeusi, barabara inateleza.

Ujumbe haujaja.

Nyie mngemuuzia?