Nazi Zilizokaa Stoo Wakati wa Eda

Nilipotoka eda nilimkuta shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amekalia kiti cha mume wangu kwenye kizimba chetu cha nazi Kariakoo. Aliniamkia. Sikuitikia marahaba.

Miaka yote shemeji aliuza madafu barabarani kwa mkokoteni. Mume wangu alipougua alimwomba amshikie kizimba, na sasa alikuwa hataki kuondoka. Wazee wa ukoo wao wakaamua hivi: mteja wetu mkubwa, mnunuzi wa kiwanda cha mafuta, apime nazi zangu na za shemeji. Ambaye nazi zake zitachukuliwa, huyo abaki na kizimba. Niliwachukia kwa uamuzi ule, lakini mimi ni wa darasa la saba na pale nilikuwa peke yangu. Nikakubali.

Zangu zilitoka shamba la mume wangu Mkuranga, za minazi mirefu ya mbegu iliyoboreshwa aliyoipanda mwenyewe. Za shemeji zilikuwa chotara, mnazi mrefu uliochanganywa na kitamli, ule mfupi wa madafu. Mimi nilitoa zilizokuwa stoo. Mume wangu ndiye aliyezipanga, vikonyo juu, kabla hajalala kitandani asiamke tena.

Siku ya kupima watu walijaa. Mama wa dagaa, jirani yetu, akasema, "Leo nazi zinakaguliwa kama wachumba."

"Mchumba mzee tunamrudisha kwao," shemeji akajibu, akiniangalia mimi. Wakacheka. Nazi alizozipanga marehemu zikavunjwa huku wanacheka.

Mnunuzi alichukua kipande cha nyama kila upande, akakivunja kwa vidole. Changu kilikatika kama biskuti, kikamwachia mafuta mkononi. Cha shemeji kilipinda, kikatoa maji.

"Za mama," akasema. "Hizi nyingine zitanimalizia kuni bure kuzikausha." Simu yake ikaita, akaiweka sikioni na kuanza kuondoka.

"Haiwezekani, bosi," shemeji akamwita. "Zimeanguliwa jana hizi. Soko zima hupati mbichi kama hizi."

Mnunuzi hakumsikia. Mimi nilimsikia, na hapo nikaelewa alichokifanya. Muuza madafu akili yake yote iko kwenye ubichi. Nazi ya mafuta inataka kukaa wiki kadhaa baada ya kuanguliwa, maji yapungue, nyama ikaze. Zangu zilikaa eda nzima. Zake zingekuwa nzuri kiasi gani, zisingeweza kushinda siku ile.

Ningenyamaza, kizimba kingekuwa changu. Nilimtazama shemeji, nikaiona pua ya mume wangu kwenye uso ule, nikazidi kumchukia. Nikamfuata mnunuzi.

"Zake za jana, zangu za kabla ya msiba. Hujapima kitu."

"Mama, si umeshinda? Unataka nini tena?"

"Upime."

Shemeji alidhani ni mtego. "Shemeji, unanifanyia nini?"

"Sikufanyii chochote. Nazi zikae."

Kila mmoja akaleta nazi mpya, zilizoanguliwa siku moja. Zikalala stoo moja mpaka zilipokuwa tayari, na muda wote huo hatukusemeshana.

Mnunuzi aliporudi, hakukuwa na wa kucheka. Za chotara zilikuwa na nyama nene, kavu, yenye mafuta mengi. Zangu hazikuwa mbaya, ila nyama yake nyembamba. Akanipa vipande vyote viwili nivishike. "Unasemaje, mama?"

Nilivishika muda mrefu, nikitafuta kasoro kwenye kile kinene. Sikuipata.

"Zake," nikasema.

Nikachukua mbuzi ya kukunia na kifuo alichofulia nazi mume wangu. Kiti nilimwachia. Shemeji akanifuata mpaka barabarani.

"Shemeji, rudi tufanye kazi wote."

"Nazi ndiyo iliyokushindia," nikamwambia. "Usidhani ni mimi."

Siku hizi nauza Buguruni, nazi zangu nimezitandika chini kwenye kiroba. Wateja wangu ni akina mama wa kupika, na tui lake wanalisifu. Nikipita Kariakoo shemeji huniamkia kutoka kwenye kile kiti, kwa sauti, majirani wasikie. Bado sijamwitikia.