Kadi ya Nyumba Namba Nane

Gogo Merle Hathorn, maana huku bibi tunamwita gogo, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na bado alipanda ngazi kufuta taa zake mwenyewe. Alifundisha watoto kuogelea zaidi ya miaka arobaini, na mabega yake yalionyesha. Katika kijiji chetu cha wazee, karibu na Howick, Afrika Kusini, alikaa nyumba namba saba. Namba nane alikaa rafiki yake, Gogo Enid Pascoe. Mimi niliwafanyia usafi wote wawili, mwanangu mchanga nikiwa nimembeba mgongoni.

Pale mzee huhama kadiri nguvu zinavyomwishia. Kwanza ana nyumba yake na maua yake. Akishindwa kupika au kukumbuka dawa, anapelekwa jengo la kati. Akishindwa kusimama, anapelekwa kwa wauguzi, kilimani. Wazee wanasema "kule juu," na wakisema wanapunguza sauti, kwa sababu hawajaona aliyeshuka.

Kila nyumba ina kadi ya kijani. Kabla ya saa tatu asubuhi mwenyewe anaitundika nje kwenye kitasa, maana yake nimeamka salama. Nesi anapita akitazama milango. Pasipo na kadi anagonga, na akigonga anaandika. Ukiandikwa mara tatu, Sista Hlengiwe, mkuu wa wauguzi, anakuja kukupima kama bado unaweza kukaa peke yako.

Gogo Enid alishaandikwa mara mbili kwa kusahau.

"Nipe hiyo kadi yako," Gogo Merle alimwambia. "Nitakuwa naitundika mimi. Wewe lala."

"Na nikifa je?"

"Ukifa nitakuja kukuambia."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao huku napiga deki. Gogo Merle akanigeukia. "Wewe Riziki, hujaona kitu."

"Sijaona, Gogo."

Ikaenda hivyo wiki tisa.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, Gogo Merle alitundika kadi zote mbili saa moja, akaenda zake kupanga vitabu maktaba. Nesi wa zamu, Bongekile, alipita, akaona kijani, akaendelea. Mimi nilifungua namba nane saa sita mchana. Gogo Enid alikuwa chini bafuni, nguo imelowa, midomo imebadilika rangi. Alianguka saa kumi na mbili asubuhi. Kamba ya kuitia msaada ilining'inia juu asikoweza kufika.

"Samahani, mwanangu," aliniambia. "Nimejikojolea."

Nilimfunika kwa blanketi la mtoto, nikaita msaada. Gogo Merle alifika mbio kabla ya Sista. Hakuingia kwanza. Nilimwona akiivua ile kadi na kuitia ndani ya sweta.

Nyonga ilivunjika. Gogo Enid akapelekwa kule juu. Sista alipomuuliza, alijibu kwamba alisahau kadi. Bongekile akasema, "Sista, kadi ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu." Nani angemwamini? Mgonjwa mwenyewe anasema hakutundika, na kwenye kitasa hakuna kitu. Bongekile akaambiwa alipita bila kugonga, arudi kwao mpaka wakubwa wakae kikao.

Siku nne Gogo Merle hakunitazama, na mimi sikumtazama. Bongekile ndiye aliyekuwa akimshika mwanangu nikinywa chai. Nilikuwa na mdomo, nikautumia kunywea chai tu.

Siku ya tano, ambayo wakubwa wangekaa kikao, nilimkuta Gogo Merle kafunga viatu, kakaa kitandani.

"Watanionaje, Riziki?"

"Sijui, Gogo. Mimi pia nilijua."

"Basi twende wote."

Tulipanda kule juu. Bongekile alikuwa kwenye korido na begi lake, Sista kando ya kitanda cha Gogo Enid. Gogo Merle alisimama mlangoni akasema yote, hata la sweta. Nikasema na langu. Bongekile alinitazama kwa muda, kisha akatazama dirishani.

Gogo Enid akasema, "Nilikusikia mlangoni, Merle. Nilikuita. Nilikuita mara nyingi."

"Sikusikia. Kifaa cha sikio nilikiacha kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Kinanizeesha."

"Nami nikasema nimesahau," alisema Gogo Enid, "ili wasikuulize. Sikufikiria huyu binti." Akamtazama Bongekile, akajifunika uso kwa shuka.

Bongekile alirudi kazini mchana uleule. Nilimwomba msamaha jikoni. Akasema, "Nimesikia, dada," akaendelea kuosha vikombe. Mtoto wangu hakumshika, na sikumpa.

Gogo Merle sasa anapanda kilima kila siku baada ya chakula, kifaa sikioni, anakaa kando ya kitanda. Siku nyingine Gogo Enid anaongea naye. Siku nyingine anageukia ukutani, na Gogo Merle anakaa vilevile, mpaka saa ya wageni iishe.